Ya kopo, ya ng'ombe, au nimrejeshee titi?

BARUA

Assalaam alaykum Bi Mshauri, na shikamoo.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa kike, ana mwaka na miezi miwili. Naishi kijijini, si mbali na Wete, nyumbani kwa wakwe zangu. Mume wangu ni fundi wa ujenzi, kazi zake ziko Unguja, na huja Pemba mwisho wa mwezi akijaaliwa nauli ya boti. Nyumbani tupo mimi, mavyaa, na watoto wa wifi yangu wanaosoma skuli hapa.

Mambo yalianza nilipojijua kuwa nina mimba. Sikuipanga, lakini ni riziki ya Mungu. Mavyaa alipofahamu, neno lake la kwanza lilikuwa nimwachishe mtoto titi siku ile ile. Alisema nikimnyonyesha na huku nina tumbo nitambemenda: atakonda, miguu itakuwa mibovu, hatatembea. Akaleta shubiri akanipaka mwenyewe. Mtoto alipoonja alinitazama kama asiyenijua, kisha akalia mpaka sauti ikamkauka.

Tangu hapo mchana hanyonyi. Lakini usiku, mavyaa akishalala, mtoto akilia humpa. Najificha kama mwizi kwa mwanangu mwenyewe, na nikishampa nabaki macho na hofu: je, kama ni kweli namuharibu?

Sasa suala la maziwa. Wifi yangu mkubwa yupo Maskati. Aliposikia mtoto ameachishwa alituma makopo kwa mtu aliyekuwa akija nyumbani. Ni makopo mazuri, yameandikwa namba 3 na kwamba ni ya mtoto wa mwaka mmoja na kuendelea, na picha ya mtoto mnene anacheka. Ujumbe wake wa sauti unasema maziwa ya ng'ombe ni ya ndama, watoto wa siku hizi hawapewi hayo. Mume wangu ananiambia nimsikilize dada, yeye ameona dunia. Lakini makopo yamebaki mawili, na nilipouliza bei dukani mjini nilirudi kimya. Mume wangu hawezi, nami sitaki kumbebesha.

Mavyaa naye ana ng'ombe wake wa maziwa. Watoto wake wote wamekulia kwenye ng'ombe, na kila siku hunikumbusha kuwa hata mume wangu, na kimo chake kile, hakujua kopo. Asubuhi hukama, huyachemsha, yakipoa huengua malai akayaweka ya samli. Kisha humchanganyia mtoto na maji, nusu kwa nusu, kwa sababu maziwa matupu ni mazito yatamfunga tumbo, na hutia sukari vijiko viwili ili asahau titi. Anafanya kwa mapenzi, sina shaka, maana anampenda huyu mjukuu kuliko sisi wote.

Kwa hiyo mtoto wangu asubuhi hunywa ya ng'ombe, mchana ya kopo, jioni tena ya ng'ombe. Chupa nne kubwa kwa siku, siku nyingine tano. Nikimwekea wali na mchuzi hugeuza uso, anataka chupa. Choo kimekuwa kigumu, hulia akienda. Na ameanza mchezo wa kulamba chokaa ya ukutani na kuokota udongo, mavyaa anasema fizi zinamuwasha. Kadi ya kliniki inaonyesha kilo nane na nusu, na mwezi wa kabla ilikuwa hiyo hiyo.

Shoga yangu mmoja, mwalimu, amesoma kwenye simu kwamba watoto wengi maziwa ya wanyama hayawapatani na bora maziwa ya soya au ya lozi. Maana mwanangu alipoanzishwa kopo aliharisha siku mbili. Kliniki nilimuuliza mhudumu, palikuwa na foleni, akasema mpe maziwa yoyote, ameshatimiza mwaka, kisha akamwita mwengine.

Bi Mshauri, kila mmoja ana maziwa yake na kila mmoja anasema kwa ajili ya mtoto. Maziwa gani ni sahihi? Na nitamwambiaje mavyaa bila ya kumvunjia heshima nikiwa naishi kwenye nyumba yake?

Mama wa Njia Panda, Pemba

JIBU

Waalaykumu salaam, na marahaba mwanangu. Kwanza hongera ya mimba. Nimeisoma barua yako yote nikitafuta mtu aliyekupa hongera, sikumuona.

Unaniuliza maziwa gani, na nitayafikia. Lakini wewe mwenyewe umeandika mengine pembeni, kwa haraka, kama mtu anayetaja hali ya hewa: chokaa ya ukutani, choo kigumu, wali unaokataliwa, uzito uliosimama. Nianze na hayo, kwa sababu kuna uwezekano kwamba mabishano ya kopo na ng'ombe yamewashughulisha nyote mkaacha kumtazama mtoto.

Mtoto anayelamba chokaa na kula udongo huenda ni mchezo tu, wa umri huu hutia kila kitu mdomoni. Lakini hiyo pia ni moja ya dalili za upungufu wa damu, na kwa mtoto anayekunywa chupa nne au tano kubwa kwa siku mimi nisingeiacha ipite kwa kusema fizi zinamuwasha. Chupa kubwa ya kunyonyeshea huwa na mililita 240 au 250. Nne ni kama lita nzima. Mtoto wa umri wake anahitaji takribani miligramu 7 za madini ya chuma kwa siku, na lita moja ya maziwa ya ng'ombe haifikishi hata miligramu moja. Tena maziwa mengi humzuia mwili asichukue vizuri hicho chuma kidogo kilichomo kwenye chakula. Na kubwa zaidi, humjaza. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo, likijaa maziwa, wali na samaki vitaingia wapi? Wewe unaona mtoto hapendi kula, kwa hiyo unamuongezea chupa. Inawezekana hapendi kula kwa sababu ya chupa.

Kilo nane na nusu kwa msichana wa umri huu si uzito wa kutisha. Kilichonisimamisha ni mstari uliolala. Mchukue kwenye mwanga wa mchana, umtazame viganja na ndani ya kope ya chini, ulinganishe na watoto wengine wa nyumba hiyo. Vikiwa vimepauka au visipauke, nenda naye kituoni ukaombe apimwe damu, na uulize kama ameshapewa dawa ya minyoo, maana udongo na minyoo ni ndugu. Useme waziwazi: "Analamba chokaa, hali chakula, uzito haujapanda." Ukiuliza maziwa gani kwenye foleni utajibiwa kama ulivyojibiwa. Ukitaja dalili, mhudumu atakuwa na kitu cha kukushikia. Usianze kumpa vidonge vyako vya kuongeza damu ulivyopewa kliniki, vile ni vya mama na ni hatari kwa mtoto, na uviweke juu asikofika.

Sasa nikuulize jambo. Umeandika kwamba mtoto "ameachishwa". Ameachishwa na nani? Kwa sababu usiku bado ananyonya, na wewe bado unampa. Barua yote inachukulia kwamba mlango wa titi umefungwa na kilichobaki ni kuchagua kopo au ng'ombe. Sina hakika kama umefungwa.

Najua neno kubemenda lina uzito gani huko kwenu na hata huku kwetu Unguja. Sitalicheka, na ningekuomba wewe na mumeo msilicheke mbele ya mavyaa. Wazee waliona kitu cha kweli. Mtoto ambaye mama yake alibeba mimba mapema aliachishwa ghafla, akabaki na uji mtupu, mama amechoka, na mtoto akakonda mbele ya macho yao. Katika miaka ya 1930 daktari Cicely Williams, akifanya kazi katika Ghana ya leo, aliandika juu ya kwashiakoo, naye aliwaona watoto wa namna hiyo hiyo: walioondolewa titi kwa sababu mdogo wao anakuja, wakalishwa mahindi bila ya kitowewo. Tofauti ni pale pa kumtupia lawama. Wazee walilaumu maziwa ya mama mwenye mimba. Kilichomkondesha mtoto kilikuwa ni kuyakosa, bila ya kupata chakula cha kushika nafasi yake.

Maziwa ya mwenye mimba si sumu na hayamharibu mtoto miguu. Hupungua, hilo ni kweli, hasa mimba ikifika miezi minne au mitano, na ladha hubadilika, kiasi kwamba watoto wengine huyaacha wenyewe bila ya shubiri. Kwa mimba ya kawaida, kunyonyesha hakumtoi mtoto wa tumboni. Lakini hapa nahitaji kujua usiyoyaandika. Umewahi kuharibu mimba? Huyu wa kwanza alizaliwa kabla ya wakati? Unaona damu, au tumbo linakukaza anaponyonya? Umeambiwa ni pacha? Moja kati ya hayo likiwepo, zungumza na mkunga kabla ya kuendelea hata usiku mmoja zaidi, na huenda akakushauri uache. Na hata yasipokuwepo, kuna gharama yake: chuchu zitauma, utachoka, na wewe mwenyewe itabidi ule kwa ajili ya watatu. Kama kwenye sinia ya nyumba hiyo wewe ndiye unayekula mwisho, hilo nalo lihesabu.

Upo upande wa dini pia, ambao pengine utamfikia mavyaa kuliko maneno ya kliniki. Katika Sahih Muslim imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alikusudia kukataza ghila, kisha akakumbuka kwamba Warumi na Waajemi hufanya hivyo na watoto wao hawadhuriki. Baadhi ya wanazuoni wameifasiri ghila kuwa ni huko kunyonyesha na mimba, wengine wakasema ni mume kumwendea mkewe anayenyonyesha. Zipo na riwaya nyengine, kwa hiyo mumeo amuulize sheikh mnayemuamini, asitosheke na Bi Mshauri wa gazetini. Na aya ya 233 ya Suratul Baqara, ile ya miaka miwili kamili, inaruhusu pia kumwachisha mtoto kabla yake, ila inataja kuridhiana na kushauriana kwa wazazi wawili. Wazazi wawili, mwanangu. Mumeo ameshauriwa, au amearifiwa tu kwa simu?

Kwa hiyo ukiendelea kumnyonyesha una haki. Ukichoka ukataka kumwachisha, pia una haki, na hapo ningekuomba iwe taratibu, unyonyeshaji mmoja baada ya mwengine.

Tuje kwa ng'ombe wa mavyaa. Wifi yako amesema ni ya ndama, na kama mjukuu angekuwa wa miezi mitatu ningemuunga mkono kwa mikono miwili. Mtoto mchanga asiyenyonya anahitaji maziwa yaliyotengenezwa kwa ajili yake, figo na utumbo wake haviwezi ya ng'ombe. Lakini ameshavuka mwaka. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2023 unasema kwa watoto wa mwezi wa 12 hadi wa 23 wanaopewa maziwa yasiyokuwa ya mama, wapewe maziwa ya mnyama, na kwamba hayo makopo ya hatua za mbele hayapendekezwi. Kwa hilo mavyaa, bila ya kusoma kopo lolote, yupo sawa na Geneva, kwenye makao ya shirika hilo.

Lakini mtazame anavyoyatayarisha. Anaengua malai. Malai ndiyo mafuta, na mtoto chini ya miaka miwili ndiye anayeyahitaji kuliko wote wanaoila samli hiyo. Kisha anaongeza maji nusu kwa nusu, kwa hiyo kinachofika kwenye chupa ni nusu ya maziwa yaliyokwisha tolewa uzuri wake. Kisha sukari, ambayo inamfundisha kwamba kila kitu kisicho kitamu ni cha kugeuziwa uso, wali ukiwemo, na inayalowesha meno mapya hasa akilala na chupa mdomoni. Maziwa ni yale yale ya ng'ombe yule yule, lakini kikombe chenye malai yake, bila ya maji na bila ya sukari, ni chakula kingine kabisa. Hofu yake ya kufunga tumbo haitokani na hewa, choo ni kigumu kweli. Ila dawa yake ni kupunguza wingi wa maziwa na kuongeza mboga, matunda na maji ya kunywa pembeni. Kuyafanya membamba hakutasaidia.

Anayachemsha, na hapo namshukuru. Yaendelee kuchemka mpaka yatutumke, kila siku, yakorogwe, na yafunikwe yakipoa. Maziwa mabichi hubeba kifua kikuu cha ng'ombe na brusela, ule ugonjwa unaowafanya ng'ombe kutupa mimba, na wewe mwenye tumbo usiyaonje mabichi hata kwa kulamba kidole. Mtindi nao unamfaa mtoto, mradi umetokana na maziwa yaliyochemshwa na haukutiwa sukari, na ng'ombe akiacha kukamwa, maziwa ya boksi ya dukani yenye mafuta yake yote hayana tofauti ya maana. Maziwa mazito ya kopo yenye sukari, yale ya kutilia chai, hayamo kabisa kwenye mazungumzo haya.

Kiasi gani? Kwa mtoto asiyenyonya anayepata samaki, mayai au nyama kila siku, mililita 200 hadi 400 zinatosha. Kama vitu hivyo havipati mara kwa mara, 300 hadi 500. Yaani vikombe viwili, si chupa tano. Na akiwa bado ananyonya usiku, hata hivyo viwili vinaweza kupungua. Usimkatie siku moja, atalia na mavyaa atasema nilikwambieni. Anza kwa kuondoa chupa iliyo karibu na chakula cha mchana, na maziwa yatolewe kwa kikombe baada ya kula. Kikombe hakilaliwi nacho, na ni rahisi kukisafisha kuliko chuchu ya mpira. Kule kuharisha alipoanza kopo, mimi ningeitazama kwanza hiyo chupa na maji yaliyokorogewa kabla ya kuyatuhumu maziwa.

Hapo namfikia shoga yako mwalimu. Mzio wa maziwa ya ng'ombe upo, huja na vipele, kuvimba midomo, kutapika kila anapokunywa, au damu kwenye choo. Mtoto wako anayanywa kutwa kucha na hukutaja hata kimoja, ila damu kwenye choo kigumu uitazame. Kushindwa kumeng'enya sukari ya maziwa, ambako wakubwa wengi tunako, ni nadra kuanza katika umri huu. Maziwa ya lozi ni maji yaliyopitiwa na lozi, hayana protini ya kumkuza mtoto. Ya soya yana nafuu yakiwa yameongezewa madini, lakini ni ghali na sioni ugonjwa ambao yangekuwa dawa yake. Tui la nazi, kabla hujaulizwa na mtu, ni zuri kwenye mchuzi wake na mchicha wake, lakini haliwezi kukaa mahali pa maziwa.

Na kopo? Si ubaya. Makopo mengi ya aina hiyo yametiwa chuma na vitamini, na hilo ni la kweli upande wa wifi. Mengi pia yametiwa sukari, kwa hiyo muombe mtoto mmoja wa skuli akusomee nyuma, sukari ikiwa miongoni mwa majina ya mwanzo mwanzo utajua. Picha ya mtoto mnene haikuwekwa na daktari. Lakini hatari ninayoiogopa kwa makopo haipo ndani ya kopo, ipo kwenye mfuko. Kopo la gramu 400 likikorogwa inavyotakiwa hutoa maziwa ya lita tatu hivi. Kwa vikombe viwili kwa siku, haliwezi kumaliza wiki. Nyumba isiyomudu huanza kupunguza kijiko kimoja, kisha kingine, ili lifike mwisho wa mwezi, na mtoto akawa anakunywa maji meupe kwa bei ya dhahabu.

Chuma anachokikosa atakipata kwenye sufuria yenu kwa bei ndogo zaidi. Pemba haikosi samaki. Dagaa wakavu waliosagwa wakatiwa kwenye uji au mchuzi, ini la kuku likipatikana, yai, choroko au mbaazi zilizopondwa na tui, kisha kipande cha chungwa au pera, maana tunda chachu humsaidia mwili kuchukua chuma cha nafaka na mboga. Chai asipewe, hata ya maziwa, inafanya kinyume chake. Asipokula vijiko zaidi ya vitatu mwanzoni, usikimbilie chupa. Kaa naye, mle pamoja kwenye sinia moja, watoto wa wifi wakiwepo. Mtoto hula anapoona wenzake wanagombania.

Imebaki nyumba. Unaniuliza utamwambiaje mavyaa. Unazo njia, na kila moja ina mwiba wake. Unaweza kuendelea kama ulivyo, unamnyonyesha kwa siri. Amani itabaki kwa muda, lakini mtoto anashindwa kujua titi lipo au halipo, nawe hulali, na siku mtoto atakapokuvuta kanga mbele ya watu siri imekwisha na mavyaa atahisi amedanganywa ndani ya nyumba yake. Unaweza kumtanguliza mumeo aseme na mama yake, na kwa heshima za kwetu hiyo mara nyingi ndiyo njia ya adabu, ila aje aseme uso kwa uso, na asianze na "daktari kasema". Au unaweza kumuomba mavyaa mwenyewe afuatane nawe kituoni siku ya kupima damu. Amlete mjukuu wake, asikie na aulize. Wazee wengi hukataa wanaloambiwa na mkwe wao wakalikubali wanalolisikia kwa mkunga mtu mzima. Ubaya wake ni kwamba unaweza kukutana tena na foleni na jibu la haraka, na hapo mavyaa atarudi na ushindi. Chagua siku isiyo ya watu wengi.

Wala si lazima ushinde yote kwa pamoja. Ningekuwa wewe, ningetafuta lile ambalo mavyaa anaweza kulitoa bila ya kushindwa. Muombe malai. Mwambie, "Mama, maziwa yako yanamfaa huyu mtoto kuliko ya kopo, naomba yake usiyaengue." Umemsifu ng'ombe wake, umemsifu yeye, na hukudanganya. Sukari na maji vitafuata baadaye. Suala la titi ni zito zaidi, na sijui kama utalizungumza wiki hii, au utasubiri mumeo aje, au utaamua kwamba usiku huu umetosha. Jiulize tu: mavyaa asingekuwepo, na wifi asingepiga simu, wewe ungependa nini? Barua yako imetaja anachotaka kila mtu isipokuwa wewe.

Na hayo makopo mawili usiyatupe wala usiyafiche. Kama tarehe haijapita, yatie kwenye uji wa asubuhi, kijiko kwa kijiko, mpaka yaishe. Wifi akiuliza mtoto anaendeleaje, mpelekee picha na umshukuru, maana kutoka Maskati mtu hana mkono wa kumbeba mtoto, ana wa kutuma. Akitaka kutuma tena, mwambie safari hii atume fedha ya mayai na ya nauli ya kituoni.